JINSI TOVUTI YA CHAMA INAVYOTAFUTWA NA KUPANGWA KATIKA INTANETI

Vyama vya msingi kadha wa kadha vimekwisha kufungua tovuti katika intaneti, na vingine vimo katika maandalizi. Baada ya miezi michache swali lile lile huletwa mbele ya kamati: fundi amekwisha kulipwa, picha za ghala na za kinu zinapendeza, lakini mtu akiandika neno "kahawa" pamoja na jina la wilaya, tovuti ya chama haionekani. Huonekana za wafanyabiashara wa mjini, ambao baadhi yao hawana hata mche mmoja wa mbuni.

Jambo hili si dogo. Tangu KNCU ilipoundwa huko Kilimanjaro mwaka 1933, moja ya shabaha kuu za ushirika wa mazao imekuwa kumwezesha mkulima kuuza pamoja na wenzake, badala ya kila mmoja kukutana peke yake na mlanguzi. Siku hizi mnunuzi wa Hamburg au wa Osaka, kabla ya kumwandikia mtu yeyote, huweza kuanza kwa kuuliza katika mtambo wa utafutaji kama vile Google au Bing. Wanaotokea katika majibu ya mwanzo ndio wenye bahati ya kuandikiwa. Mlanguzi akitokea mwanzo na chama kisitokee kabisa, basi mlanguzi amerudi kwa mlango mwingine.

Makala haya yanaeleza jinsi mitambo hiyo inavyofanya kazi, ili makatibu na wajumbe wa kamati waweze kuamua ni kazi gani inastahili kulipiwa kwa fedha za wanachama, na ipi haistahili.

Matarishi wa mtambo

Wengi hudhani kwamba mtu anapouliza, mtambo hukimbia duniani kote kutafuta jibu papo hapo. Sivyo. Kazi ya kutafuta imekwisha kufanywa kabla ya swali kuulizwa. Mtambo una programu maalumu zinazozunguka katika intaneti usiku na mchana, zikifungua ukurasa mmoja baada ya mwingine na kupeleka nakala makao makuu. Programu hizo zaweza kulinganishwa na matarishi. Tarishi akifungua ukurasa husoma yaliyomo, kisha hunakili viungo vyote anavyovikuta, yaani yale maneno ambayo msomaji akiyabonyeza hupelekwa kwenye ukurasa mwingine. Kila kiungo ambacho hajapata kukiona hukiweka katika orodha ya safari zijazo. Hivyo ndivyo ukurasa mmoja unavyomfikisha kwenye kumi, na kumi kwenye mia.

Utaratibu huu haukuwako tangu mwanzo. Mwaka 1990 Alan Emtage, mzaliwa wa Barbados aliyekuwa akisoma katika Chuo Kikuu cha McGill huko Montreal, alitengeneza programu iliyoitwa Archie, ambayo iliorodhesha majina ya mafaili tu, wala haikusoma yaliyomo ndani yake. Mwaka 1994 ulitokea mtambo wa WebCrawler katika Chuo Kikuu cha Washington, ambao ulimwezesha mtu kutafuta kwa neno lolote lililomo ndani ya ukurasa. Mwaka huo huo wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Jerry Yang na David Filo, walianzisha Yahoo, iliyokuwa orodha iliyopangwa na watu kwa mikono yao, mfano wa kazi ya karani wa masjala. Tovuti zilipozidi kuwa nyingi makarani walielemewa, na orodha hiyo ilifungwa mwaka 2014. Kazi yote sasa ni ya matarishi.

Kutokana na hayo ni dhahiri kwamba tovuti mpya ambayo haijatajwa na tovuti nyingine yoyote ni kama ghala lililojengwa mahali pasipo na njia. Tarishi hana uchoyo wala upendeleo. Hajui tu kwamba lipo. Dawa ya kwanza, nayo haina gharama, ni kwa chama kikuu kuweka katika tovuti yake ukurasa wenye majina ya vyama wanachama pamoja na viungo vya tovuti zao. Dawa ya pili ni faili liitwalo ramani ya tovuti, ambalo huorodhesha kurasa zote za chama. Google iliuanzisha utaratibu huo mwaka 2005, na mwaka uliofuata Yahoo na Microsoft zikaukubali. Fundi hulitayarisha faili hilo kwa dakika chache, kisha hulisajili katika huduma ya Google iitwayo Search Console, ambayo hutolewa bure kwa kila mwenye tovuti. Bing nayo ina huduma ya namna hiyo. Baada ya hapo yapasa kuwa na subira, maana ukurasa mpya huweza kuchukua siku kadhaa au majuma kadhaa kabla ya kuingizwa katika kumbukumbu za mtambo.

Kuna kosa moja ambalo kamati ingefaa kuliangalia kabla ya kumlaumu mtu yeyote. Mafundi wanapoijenga tovuti huifunga isionekane na mitambo mpaka kazi iishe. Katika programu ya WordPress, inayotumiwa na tovuti nyingi, kuna kisanduku kidogo katika sehemu ya mipangilio ya usomaji, ambacho kikitiwa alama huiomba mitambo isiiandikishe tovuti hiyo. Fundi akimaliza kazi na kusahau kuiondoa alama, tovuti itakaa mwaka mzima bila kuonekana, ijapokuwa kila anayeijua anwani yake anaifungua bila shida. Aidha lipo faili liitwalo robots.txt, lenye amri kwa matarishi kuhusu sehemu wasizoruhusiwa kupita. Desturi ya kutumia faili hilo ilipendekezwa na Martijn Koster mwaka 1994, nayo ikafanywa kuwa kanuni rasmi ya intaneti mwaka 2022. Neno moja likikosewa humo, tovuti nzima hufungwa.

Daftari la pili

Nakala zilizoletwa na matarishi hazihifadhiwi ovyo. Katibu yeyote anayetunza daftari la mapokezi ya mazao atauelewa utaratibu wake mara moja. Daftari la kawaida hupangwa kwa namba za wanachama: namba 14 ameleta kahawa na maharage, namba 15 kahawa peke yake, namba 16 maharage na mahindi. Mwenyekiti akiuliza ni akina nani walioleta maharage, katibu hana budi kufunua daftari lote tangu jani la kwanza. Katibu mwenye busara hutengeneza daftari la pili, lililopangwa kinyume: juu ya jani huandikwa "maharage", na chini yake namba 14, 16 na nyinginezo. Akiulizwa tena, hufungua jani moja tu.

Faharasa ya mtambo wa utafutaji ni hilo daftari la pili. Kila neno lina orodha yake ya kurasa ambamo limeonekana, pamoja na mahali lilipokaa katika kila ukurasa. Mtu akiandika "kahawa Mbinga", mtambo huchukua orodha ya neno "kahawa" na orodha ya neno "Mbinga", kisha huangalia ni kurasa zipi zimo katika orodha zote mbili. Ndiyo sababu jibu hupatikana kwa sehemu ndogo ya sekunde ilhali kurasa zilizomo katika faharasa ya Google, kwa maelezo ya kampuni yenyewe, ni mamia ya mabilioni.

Hapa ndipo vyama vingi hupoteza nafasi pasipo kujua. Neno ambalo halimo katika ukurasa haliwezi kuingia katika daftari la pili kwa jina la ukurasa huo. Matangazo ya chama mara nyingi hutengenezwa kama picha yenye maandishi ya rangi, hutumwa katika makundi ya WhatsApp, kisha picha hiyo hiyo hubandikwa katika tovuti. Mwanachama huisoma vizuri. Tarishi huona picha, na hakuna hakika kwamba atayatambua maandishi yaliyomo. Taarifa za mwaka zilizopigwa picha karatasi kwa karatasi nazo zina kasoro hiyo. Bei ya malipo ya awali, tarehe ya mkutano mkuu, mwinuko wa mashamba kwa mita, aina ya kahawa, miezi ya mavuno, idadi ya magunia na madaraja yake: haya yote yaandikwe kwa maneno katika ukurasa, na picha iwe nyongeza.

Kadhalika kila ukurasa una kichwa chake, ambacho ndicho huonekana kwa herufi kubwa katika majibu. Tovuti nyingi za vyama zina kichwa kisemacho "Karibu" au "Mwanzo". Hakuna mnunuzi hata mmoja anayetafuta "Mwanzo". Kichwa kiseme jina la chama kwa ukamilifu, zao lake na mahali kilipo. Na kila ukurasa uwe na kichwa chake mwenyewe.

Kuhusu lugha, ukurasa wa wanachama uandikwe kwa Kiswahili, na ule wa wanunuzi wa nje uandikwe peke yake kwa lugha yao. Si vema kuchanganya lugha mbili katika ukurasa mmoja, kwa kuwa mtambo hujaribu kutambua kila ukurasa ni wa lugha gani ili umpe muulizaji wa lugha hiyo. Mbinu za zamani za kulinganisha maneno zilibuniwa kwa ajili ya Kiingereza, lugha ambayo hubadili mwisho wa neno; kanuni mashuhuri ya Martin Porter ya mwaka 1980, kwa mfano, hukata miisho ya maneno. Kiswahili hubadili mwanzo: mkulima, wakulima. Mitambo ya sasa imeendelea sana katika jambo hili, walakini mwandishi anayetumia umbo la umoja na la wingi, kadiri maelezo yanavyohitaji, hatapata hasara.

Madaraja yasiyodumu

Kurasa zenye maneno ya swali zaweza kuwa laki nyingi, nazo lazima zipangwe, maana muulizaji ana uvumilivu wa kusoma chache tu. Wakulima wa kahawa wana uzoefu wa madaraja: chekeche hutenga AA, A, B na kadhalika kwa ukubwa wa punje, na gunia likishapewa daraja huenda nalo mnadani. Katika intaneti sivyo. Ukurasa haupewi daraja moja la kudumu. Hupimwa upya kila swali linapoulizwa, kwa kulinganishwa na swali lenyewe, na wakati mwingine pia na lugha ya muulizaji na mahali alipo. Ukurasa wa chama huweza kuwa wa kwanza kwa swali moja na wa mia mbili kwa lingine. Isitoshe, Google imeeleza kwamba takriban asilimia 15 ya maswali inayoyapokea kwa siku hayajapata kuulizwa kabla yake. Kwa hiyo anayedai kwamba tovuti fulani ni "ya kwanza katika Google" hajasema lolote mpaka aseme ni ya kwanza kwa swali gani, na limeulizwa kutoka wapi.

Miongoni mwa vipimo vingi vinavyotumika, kimoja kinastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu ndicho kilichoitofautisha Google na mitambo iliyoitangulia, na kwa sababu kinagusa jambo ambalo wanaushirika wanalijua sana, nalo ni upigaji kura.

Kura zisizo sawa

Mitambo ya miaka ya 1990 ilipima hasa maneno yaliyomo ndani ya ukurasa wenyewe. Udhaifu wake ulionekana upesi: mwenye ukurasa ndiye anayejisifu, na hakuna muuzaji asemaye bidhaa yake ni mbaya. Larry Page na Sergey Brin, wanafunzi wa Stanford, waliona kwamba ni afadhali kupima wengine wanasema nini. Mwaka 1998 walitoa maelezo ya mtambo wao wa majaribio, uliokuwa na kurasa zipatazo milioni 24, na katika mwezi wa Septemba mwaka huo wakasajili kampuni ya Google. Kipimo chao kiliitwa PageRank. Kwa kifupi, kila kiungo kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine huhesabiwa kama kura.

Lakini kura hizo si kama za mkutano mkuu. Katika ushirika mwanachama mmoja ana kura moja, awe na hisa moja au mia. Katika PageRank kura ya ukurasa ina uzito kwa kadiri ukurasa huo wenyewe ulivyopigiwa kura na wengine. Tena uzito wake hugawanywa sawasawa kwa wote anaowapigia. Na ichukuliwe mfano ukurasa wenye uzito wa 12. Ukiwa na viungo 3, kila mmoja huletewa 4. Ukiwa na viungo 60, kila mmoja huletewa 0.2 tu. Katika hesabu yao asilimia 85 ya uzito husafiri kwa njia ya viungo namna hii, na asilimia 15 iliyobaki hugawiwa kurasa zote kwa usawa, kwa kumfikiria msomaji anayechoka kufuata viungo na kuanza upya mahali pengine. Hesabu hurudiwa mara nyingi mpaka mizani itulie. Google ya leo hutumia vipimo vingine vingi pamoja na hiki, lakini viungo bado vimo katika hesabu.

Mtu aweza kusema kuwa huo ni utaratibu wa matajiri kupigiana kura. Kwa kiasi fulani ni kweli, na ndiyo maana tovuti ya chama kipya cha msingi huanza ikiwa nyuma. Hata hivyo faida yake kwa chama halisi ni kwamba viungo vizito hutoka mahali ambapo chama kina haki ya kutajwa: chama kikuu, bodi ya zao, halmashauri ya wilaya, shirika linalotoa hati ya biashara ya haki, mnunuzi wa ng'ambo anayeeleza kahawa yake imetoka wapi, gazeti lililoandika habari za kinu kipya. Wengi wa hao hukitaja chama kwa jina bila kuweka kiungo. Barua moja ya katibu kuomba kiungo kiwekwe ina thamani kuliko mwezi mzima wa kupamba rangi za tovuti.

Yanayofanyika kwa hila hayadumu. Palipokuwa na kura pakazuka ununuzi wa kura: makundi ya tovuti tupu zinazotajana, maneno yaliyorudiwa mara mia, maandishi meupe juu ya karatasi nyeupe ili tarishi ayasome na binadamu asiyaone. Hata makampuni makubwa yameadhibiwa. Mwezi wa Februari mwaka 2006 tovuti ya BMW ya Ujerumani iliondolewa kwa muda katika majibu ya Google, kwa kuwa ilikuwa na kurasa zilizotengenezwa kwa ajili ya matarishi peke yao. Mwaka 2011 Google ilianza kuzishusha kwa wingi tovuti zenye maandishi hafifu, na mwaka 2012 zile zenye viungo vya kununua. Kampuni kubwa yenye wanasheria hupata msamaha upesi; chama cha msingi kikishushwa huenda kisijue hata sababu.

Simu na mahali

Wanachama wengi huifungua tovuti kwa simu, si kwa kompyuta ya mezani. Google ilianza kuzipendelea kurasa zinazosomeka vizuri katika simu mwaka 2015, na kufikia mwaka 2023 ilikwisha kuhamia katika utaratibu wa kuzisoma tovuti jinsi zinavyoonekana katika simu. Kwa hiyo jambo lililofichwa katika umbo la simu na kuonyeshwa katika kompyuta tu huweza kutohesabiwa. Picha nzito humalizia mwanachama kifurushi chake cha intaneti na hukawiza ukurasa. Zipunguzwe ukubwa kabla ya kupandishwa.

Maswali yanayohusu mahali, kama vile "duka la pembejeo" au "kinu cha kukoboa kahawa", hujibiwa pia kwa ramani. Chama huweza kuandikisha bure ofisi yake, ghala na duka lake katika ramani ya Google, na kuthibitisha kuwa ndicho mwenye mahali hapo. Kisipofanya hivyo, mtu mwingine aweza kuandikisha na kuweka namba yake ya simu.

Nafasi inayouzwa na isiyouzwa

Makatibu huandikiwa mara kwa mara na mawakala wanaoahidi kuiweka tovuti katika nafasi ya kwanza kwa malipo ya kila mwezi. Yafaa kamati itofautishe mambo mawili. Juu ya majibu, na pengine chini yake, huwekwa matangazo ya kulipiwa yenye alama ya kuonyesha kuwa yamelipiwa. Nafasi hizo huuzwa kwa mnada unaoendeshwa upya kila swali linapoulizwa. Mwenye tangazo kwa kawaida hulipa kila mtu anapolibonyeza, na fedha zikiisha tangazo hutoweka siku hiyo hiyo. Google ilianza biashara hiyo mwaka 2000. Majibu ya kawaida yaliyo chini ya matangazo hayauzwi. Google inasema waziwazi kwamba haipokei malipo ili kuipandisha tovuti, na kwamba hakuna awezaye kuahidi nafasi ya kwanza.

Hii haina maana kwamba kila fundi anayetoza ada ni tapeli. Kurekebisha vichwa, kupunguza picha, kutengeneza ramani ya tovuti na kuandika kurasa zenye maelezo ni kazi halali, nayo hulipiwa kama kazi nyingine yoyote, mara moja, kwa orodha ya mambo yaliyofanyika. Cha kukataliwa ni mkataba wa kulipa kila mwezi kwa ajili ya "nafasi", usiosema nini kitafanyika. Kamati imuulize wakala swali moja: viungo atavitoa wapi? Akijibu kwamba hiyo ni siri ya kazi, mazungumzo yaishie hapo.

Kuhusu uadilifu wa mitambo yenyewe, si vibaya wanaushirika wakajua kwamba katika maandiko yao ya mwaka 1998 Page na Brin walionya wenyewe kuwa mtambo unaoishi kwa matangazo utaelekea kuwapendelea watangazaji. Kampuni yao huishi hasa kwa matangazo, na mwezi wa Agosti mwaka 2024 mahakama ya Marekani iliamua kwamba ilikuwa imelinda ukiritimba wake katika utafutaji kinyume cha sheria. Tangu mwaka 2024 pia Google imekuwa ikiweka juu ya majibu ya maswali mengi muhtasari ulioandikwa na akili bandia, hata muulizaji akaondoka bila kufungua tovuti yoyote. Muhtasari huo hutegemea kurasa zilizokwisha kusomwa na matarishi. Chama kilichoandika mambo yake kwa uwazi kina nafasi ya kutajwa humo. Kilichobandika picha tupu hakina cha kutajwa.

Hati ya tovuti

Jambo la mwisho halihusu kupanda wala kushuka, bali kuipoteza tovuti yenyewe au kuanika siri za wanachama. Jina la tovuti, kama lile linaloishia na .or.tz au .or.ke, husajiliwa kwa muda na kulipiwa tena muda ukiisha. Mara nyingi fundi hulisajili kwa jina lake na barua pepe yake. Akihama au akigombana na kamati, chama hakina hati. Na jina likiachwa bila kulipiwa, mtu mwingine aweza kulisajili na kurithi viungo vyote ambavyo chama kilivichuma kwa miaka. Majina yaliyoachwa hivyo hutafutwa hasa na wenye michezo ya kamari. Jina lisajiliwe kwa jina la chama, maneno ya siri yahifadhiwe na katibu pamoja na mtu mwingine mmoja aliyeteuliwa na kamati, na tarehe ya kulipa iandikwe katika kalenda ya chama pamoja na ile ya ukaguzi wa hesabu.

Tarishi husoma kila alichofunguliwa. Daftari la wanachama lenye namba za vitambulisho, namba za simu na akaunti za benki likiwekwa katika tovuti, hata kwa siku moja ili mkaguzi alisome, huweza kuingia katika faharasa. Kulitaja faili hilo katika robots.txt hakulifichi, faili la robots.txt husomwa na mtu yeyote, kwa hiyo kulitaja humo ni kuelekeza watu mahali lilipo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019; chama kinachoanika taarifa za wanachama chaweza kuwajibishwa chini ya sheria hizo.

Katibu akitaka kujua ni kurasa zipi za chama zimekwisha kuonekana, aandike katika Google neno site, nukta mbili, kisha jina la tovuti bila kuacha nafasi; ataletewa kurasa za tovuti hiyo ambazo mtambo unazo, ingawa orodha hiyo si lazima iwe kamili. Akiona humo faili lisilostahili, kwanza aliondoe katika tovuti yenyewe, kisha apeleke ombi la kuliondoa kupitia Search Console. Utaratibu huo ufuatwe kama ulivyo, kwa sababu ombi peke yake hulificha faili katika majibu kwa muda wa miezi 6 hivi tu. Faili lisipoondolewa mahali lilipo, baada ya muda huo huweza kuonekana tena.